Nani Anaketi Nyuma ya Darasa Lako, Mwalimu?

Walimu wa hapa Hiroshima, Japani, wamenichelewesha chakula cha jioni kwa sababu ya 13 toa 9. Sitanii. Mwenzetu mmoja, mama aliyeshika chaki kabla mimi sijaingia shule, alifundisha darasa la kwanza huku walimu wote wa shule tumejipanga ukutani na kalamu mkononi. Watoto wa madarasa mengine walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Kisha tukaketi majilisini mpaka giza likaingia, tukibishana: kwa nini alianza na 13 toa 9, asianze na 12 toa 3?

Nilikereka. Mimi ni msaidizi wa Kiingereza tu, hesabu za kutoa zinanihusu nini? Lakini wakanishika. Mpe mtoto 13 toa 9, ataona 9 iko jirani na 10: atatoa 9 kwenye 10, abaki na 1, aongeze zile 3. Mpe 12 toa 3, ataondoa 2 kwanza, halafu 1. Nambari ulizochagua ndizo zinazompa njia ya kufikiri, nawe umefunga mdomo. Huo ndio udadisi wanaouzungumzia, na humo ndimo mwalimu anamofanya kazi yake kubwa: usiku uliotangulia, akichagua swali.

Sasa twende nyumbani, Kenya. Sisi maswali dadisi tunayo, yamechapishwa kwenye mtaala, safu yake kabisa. Tunayanakili kwenye maazimio ya kazi, tunapigiwa mhuri. Tulipofunzwa CBC, yaani mtaala wa umilisi, likizoni, mkufunzi alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akatuhutubia siku nzima kwamba mwalimu asihutubie. Hakuna aliyecheka. Hapakuwa na mtoto hata mmoja pale ndani ambaye tungemuuliza swali tuone anajibu nini.

Na nani anaketi nyuma ya darasa lako, mwalimu wa Nairobi? Naibu wa mwalimu mkuu, na fomu ya TPAD ya kutathmini walimu. Au afisa wa ubora kutoka kaunti ndogo. Siku hiyo watoto wamekanywa tangu asubuhi, ubao unang'aa, na swali ni lile lile ulilowauliza jana ili mikono yote iinuke. Mnajua ninachosema. Anayekutazama anakutia alama, kwa hiyo unaigiza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili la walimu kutazamana wakifundisha hatukulikosa. Lilitufuata mpaka mlangoni! SMASSE, mradi wa kuboresha ufundishaji wa hesabu na sayansi sekondari, ilianza 1998 kwa msaada wa Wajapani hawa hawa, wilaya 9 kwanza, kisha nchi nzima. CEMASTEA, kituo cha kuwafunza walimu wa masomo hayo, iko Karen, Nairobi, mpaka leo. Mwalimu yeyote wa sayansi wa rika langu ukimwamsha usiku wa manane atakukariria mbinu yao ya ASEI-PDSI: panga, tenda, tazama, boresha. Tukapanga, tukatenda. Kutazama tukawaachia wakubwa, na kuboresha tukaandika kwenye fomu.

Najua kuna anayeandika sasa hivi, "Huyu amekula samaki mbichi sasa anatuona washamba." Tulia, ndugu yangu. Sijasema Wajapani ni malaika. Utafiti wa 2018 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, ulikuta walimu wao wa sekondari ya chini wanafanya kazi saa 56 kwa wiki, nyingi kuliko nchi zote zilizopimwa. Nawaona wakisinzia kwenye treni. Uchovu huo simtakii mwalimu wa Kayole, ana wake.

Na kwa ubunifu hatujashindwa na mtu. Niliwasimulia jinsi tunavyochemsha maua ya hibiskasi ya kwenye ua wa shule ili kupima asidi pale kemikali zinapokosekana. Wakaandika kwenye daftari, wote. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

"Lakini wao wana watoto 35 darasani." Kweli, sheria yao ya 2021 imeshusha kikomo hadi hapo katika shule za msingi. Sasa niambie, mwenye watoto 70 na mwenye 35, nani anahitaji zaidi jicho la pili la kumwonyesha kwamba kona ya dirishani hawajaelewa kitu tangu kipindi kianze? "Hakuna pesa." Pesa gani? Mpango wa TPD wa 2021, wa mafunzo ya walimu walio kazini, ulitaka mwalimu atoe hadi shilingi 6,000 kila mwaka, kwa moduli 6 za miaka 30. Kwenda kuketi darasa la Mwalimu wa jirani, mkatoka mkabishana juu ya swali moja kwa kikombe cha chai, ni bure.

Muda, hapo mnanishinda. Kipindi ambacho huna darasa ndicho cha kusahihisha, na nusu ya majilisi ni walimu wa mkataba ambao hawajui Januari watakuwa wapi. Huwezi kumwambia kijana anayelipwa 20,000 kabla ya makato, anayefundisha masomo ambayo hakuyasomea, afungue mlango watu wamwone akikosea. Ningekuwa yeye ningeufunga kwa kufuli. Hilo ni la TSC, tume inayoajiri walimu, na Hazina kulitatua, nao wanajua.

Ila ninyi wawili mlioajiriwa pamoja, mnaokunywa chai pamoja, ambao hamjawahi kuonana mkifundisha tangu mazoezi ya ualimu chuoni, mnasubiri barua kutoka kwa nani?

Na yule atakayeuliza mbona nisirudi nikaanzishe mwenyewe: mshahara. Nimelisema, tusipoteze muda kwenye maoni.