Kabla hujaikataa hoteli ya msituni Cuba

Siku hizi ukimuuliza mtu aliyeizunguka Cuba ukalale wapi huko mashambani, jibu ni moja: achana na hoteli za serikali, tafuta casa particular. Yaani nyumba ya mtu iliyotengewa chumba kimoja au viwili vya wageni, alama ya bluu mlangoni, mama mwenye nyumba anakupikia chakula cha jioni na pesa unamkabidhi yeye mwenyewe. Biashara hiyo iliwekewa sheria mwaka 1997, na imewainua wengi. Sina ugomvi nayo. Ila ushauri huo umegeuka dawa ya kila ugonjwa, na kuna mahali hautibu.

Mahali penyewe ni Las Terrazas, kwenye milima ya Sierra del Rosario, kilomita 70 hivi magharibi ya Havana. Hapo ipo Hoteli Moka, mali ya serikali, vyumba 26, iliyofunguliwa mwaka 1994. Ukiingia mapokezi unapokelewa na mti: algarrobo mzima, shina limetoka ardhini, limepita katikati ya jengo na kutokea juu ya paa. Bafuni, hodhi limewekwa kando ya dirisha kubwa, unaoga huku mnatazamana na matawi. Chini ya mteremko kuna kijiji cheupe kando ya ziwa, watu kama elfu moja. Ukitaka maji, unashuka hadi mabwawa ya mto San Juan yanayomwagikiana mwamba hadi mwamba. Ukitaka kutembea, unapanda hadi magofu ya Buenavista, shamba la kahawa la Wafaransa waliokimbia mapinduzi ya Haiti. Mabaki ya makazi ya watumwa bado yapo.

Hoja yangu inaanzia kwenye magofu hayo. Kahawa ndiyo iliyokata msitu wa kwanza. Ilipofifia wakaja wafugaji na wachoma mkaa, na kufikia miaka ya 1960 vilima vilikuwa vipara. Watu walikaa vibandani, mbali na shule na daktari, wakiishi kwa tanuri: kata, rundika, funika kwa udongo, kesha ukilinda moshi, uza gunia, hamia mti unaofuata. Msomaji wa Morogoro au Kitui hahitaji kuelezwa maisha hayo. Mwaka 1968 serikali ikaanza kupanda miti upya kwenye hekta 5,000 hivi, na wachoma mkaa walewale wakawa wapandaji. Mwaka 1971 kijiji kikazinduliwa. Las Terrazas maana yake ni matuta, yale waliyochonga ili udongo usiporomoke. Katikati ya miaka ya 1980 UNESCO ikaitambua milima hiyo kuwa hifadhi ya baiyosfia, yaani eneo la kulinda mazingira huku watu wakiendelea kuishi humo, ya kwanza Cuba.

Takwimu inayotajwa sana ni miti milioni 6. Kwa muda mrefu niliiweka kapu moja na takwimu za mabango ya chama. Halafu nikakaa kuipigia hesabu. Milioni 6 kwa hekta 5,000 ni miti 1,200 kwa hekta; kila mti unapata mita 8 za mraba na kidogo; kutoka mti hadi mti ni pungufu kidogo ya mita 3. Mtu yeyote aliyewahi kupanda misaji au misindano anaijua nafasi hiyo. Hesabu inakubali. Haisemi mingapi ilikauka, wala nani alihesabu, lakini kuna mashimo milioni 6 hapo, kwenye mteremko wa mawe, na waliotangulia kuyachimba ni watu waliokuwa wamezoea shoka. Hoteli ikaja miaka 26 baadaye, Muungano wa Kisovieti umeshaanguka, misaada imekauka, kijiji kinatafuta kipato ambacho si mkaa. Kwingine hoteli ya “kijani” hujengwa kwanza, kisha hupandwa miche kumi mbele ya kamera.

Mwana wa vilima hivyo, Polo Montañez, alichoma mkaa ujanani, kisha akawa anawaimbia wageni papo hapo Las Terrazas. Akasikiwa na José da Silva, prodyuza wa Cesária Évora, mwimbaji maarufu wa Cape Verde. Kabla ajali ya gari haijamuua mwaka 2002, Colombia yote ilikuwa inamjua.

Upande wa pili una hoja, na baadhi zinauma. Mgeni analipa fedha za kigeni. Mhudumu anapokea peso ambazo thamani yake imeyeyuka. Mpango mzima ulitoka juu, chini ya Osmany Cienfuegos, kigogo wa serikali, na Mtanzania anayeikumbuka Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini kwa amri, atauliza hapo hapo nani aliulizwa. Kijiji chenye mwajiri mmoja hakina pa kukimbilia. Huduma nayo ni ile ya serikali. Umeme ukikatika unakatika kwa wote, na gridi ya taifa ilipozimika nzima Oktoba 2024 haikuchagua mlango, lakini mwenye casa ana sababu ya kutoka alfajiri kukutafutia mayai.

Tuulize pia casa inamfikia nani. Kiyoyozi na bafu la maji moto vinataka mtaji, na mtaji huo mara nyingi hutoka kwa ndugu aliye Miami. Asiye na ndugu anabaki kufua mashuka ya jirani.

Viñales, mbele zaidi magharibi, ni habari nyingine. Huko ningelala casa bila kusita. Mkulima wa tumbaku anatakiwa kuiuzia serikali asilimia 90 ya zao, na anachokusokotea mbele yako kinatoka kwenye ile 10 iliyobaki. Kimbunga Ian kililaza mabanda ya kukaushia tumbaku kwa maelfu mkoani humo Septemba 2022, na pesa ya chumba cha mgeni ni mbao na misumari.

Kinachonisumbua ni wakati. Wageni wa Cuba wameshuka kutoka karibu milioni 4.7 mwaka 2018 hadi karibu milioni 2.2 mwaka 2024, na wachache waliobaki wanaambiwa waipite Moka. Huku umeme unakatika kwa saa nyingi, gesi ni haba, na familia nyingi zimerudi kupikia mkaa. Mwingi hutokana na marabú, kichaka cha miiba kilichovamia mashamba, na hakuna anayekililia. Lakini gunia la mkaa lina mteja tena Havana, na kutoka Havana hadi kwenye miti ya Las Terrazas ni kilomita 70 tu.