Anza na bisibisi, rimoti baadaye

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinifuata uwanjani na helikopta yake ya rimoti ndani ya boksi la viatu. Ni ya saizi inayoitwa 450, mapanga yake yanayozunguka juu ni ya milimita 325, yote mawili yamevunjika. Alidunduliza miezi minane kuinunua. "Kaka, nilifanya walivyoniambia dukani: ikiegemea kulia, vuta trimu kushoto. Nikavuta mpaka mwisho." Trimu ni kile kitufe kidogo kando ya stiki ya rimoti, cha kurekebisha kidogo tu. Helikopta ilipanda kama mita moja, ikalala ubavu.

Nilipofungua kifuniko nilikuta mikono ya servo zote tatu, vile vimota vidogo vinavyosukuma fito za usukani, imekaa kila mmoja na njia yake. Hasira zangu haziko kwa kijana. Ziko kwa aliyemuuzia chombo cha namna hii na neno moja tu: trimu.

Servo ikiwa katikati, mkono wake ukae nyuzi 90 na ufito unaousukuma. Ukiinama, mzunguko uleule unaupeleka ufito mbali upande mmoja na karibu upande mwingine. Sasa servo ziko tatu, na zote zinabeba swashpleti moja, ile sahani iliyo chini ya mapanga inayoyapa pembe. Ukiongeza stiki ili chombo kipande, swashpleti inatakiwa ipande ikiwa imelala sawa. Mikono ikikaa ovyo, inapanda huku inainama, na helikopta inafuata inakoinama. Trimu inatuliza sehemu moja tu ya stiki. Sogeza kidogo, ugonjwa umerudi, na servo nayo imeshapungukiwa nafasi ya kutembea.

Dieter Schlüter wa Ujerumani alirusha helikopta za rimoti miaka ya 1970 mwanzoni bila kompyuta yoyote kwenye rimoti. Kila kitu kilipatikana kwenye fito na mikono. Leo tuna skrini, basi bisibisi imesahaulika!

Chomoa waya za mota kwanza. Futa trimu zote, stiki katikati, kisha ng'oa mkono wa servo na uurudishe jino moja pembeni. Ukikataa kukaa nyuzi 90, geuza utumie tawi jingine la mkono. Kwenye servo ya meno 25, mkono wa msalaba unaweza kukataa kwa tawi la kwanza na la pili, ukakaa barabara kwa la tatu. Ndipo urefushe au ufupishe fito mpaka swashpleti ilale sawa na kipimo cha pembe ya mapanga kisome 0. Kibaki kidogo sana ndipo rimoti imalizie.

Jairo, kihisi kinachozuia mkia usijizungushe: zungusha mkia kwa mkono, na mapanga ya mkia yapambane nawe; yakikusaidia, geuza mwelekeo wa jairo kabla hujawasha mota. Swichi ya kuzima mota iwe mahali kidole kinapofika bila kutazama.

Nakubali, vidhibiti vipya, vikompyuta vya ndani ya helikopta vyenye jairo za mihimili mitatu (si mkia tu), vinavumilia makosa mengi. Vinayaficha, na siku betri inalegea au upepo unavuma, yanajitokeza.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi. Mapanga yale yakizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha zake zinapita kilomita 300 kwa saa. Siku ile watoto walikuwa wamekaa kwenye mstari wa goli wakiangalia. Hakuna aliyemwambia kijana awasogeze.

Juzi jioni tulikaa naye barazani karibu saa tatu nzima. Servo ya nyuma ndiyo iliyotusumbua. Ilikubali kwa tawi la tatu. Trimu zote ziko sifuri, na sasa tunasubiri mapanga mapya.