Wenyewe wa hapo wako wapi?

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikwama mchangani kusini mwa Searchlight, Nevada. Nilikuwa nimebakiza kama mita 400 kufika kwenye kasha nililokuwa nikilitafuta katika mchezo uitwao geocaching. Tairi za nyuma zilijichimbia mpaka ekseli ikalala chini. Nikazima injini, nikasikiliza. Kimya. Hakuna kengele ya ngamia, wala mtoto wa kuchomoza vichakani kuniuliza natoka wapi.

Mimi ni mtoto wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya. Baba aliendesha lori la Moyale kabla ya lami, barabara ikiwa na mikunjo kama bati, na likizo nyingi mimi ndiye nilikuwa tanboi wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kupunguza upepo kabla ya kuingia mchangani. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikaacha presha 35. Nikashusha hadi 18, nikachimba kwa koleo, nikasukuma mikeka ya gari chini ya tairi. Nilitoka saa sita. Muda wote huo halikupita gari hata moja.

Kwa wasioujua mchezo huu, mtu huficha kasha, akaandika vipimo vyake vya GPS mtandaoni. Ukilipata, unaandika jina lako kwenye daftari lililomo, unalirudisha lilipokuwa. Ulianzia Oregon tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga GPS za raia. Kasha nililolifuata siku hiyo lilikuwa la chuma, lile la kubebea risasi za jeshi, limefunikwa kwa mawe chini ya mti wa Joshua. Ndani mlikuwa na penseli fupi, kigari cha kuchezea, sarafu ya Meksiko, na daftari kwenye mfuko wa nailoni. Jina la mwisho lilikuwa la miezi mitano nyuma.

Jambo hili nalipenda sana. Zaidi ya nusu ya Nevada ni ardhi ya umma chini ya shirika la serikali liitwalo BLM. Mimi mgeni naingia bila kumwomba mtu, nalala humo bila kulipa. Ninachotakiwa ni kufuata njia zilizopo, nisizike kasha, na nichungulie chini ya gari kabla ya kuondoka, kwa sababu kobe wa jangwani hupenda kivuli hicho. Tena humwinui ovyo: akiogopa hukojoa maji yote aliyojiwekea, na anaweza kufa kwa kiu.

Kwetu Kenya, kaskazini tumeifanya adhabu. Askari au mwalimu akikosana na mkubwa wake, anatishiwa kupelekwa Marsabit au Turkana. Wenyeji nao, mwenzao akisafiri kwenda Nairobi, humwambia aisalimie Kenya. Wako watu Nairobi wanaoijua Dubai kuliko jangwa letu la Chalbi, na hilo linaniuma.

Jioni nilimpigia Baba kumsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wenyewe wa hapo wako wapi?"

Ilibidi nimweleze. Eneo hilo sasa ni hifadhi ya Avi Kwa Ame, iliyotangazwa mwaka 2023, na jina ni la mlima ambao Wamohave, wenyeji wa asili wa huko, wanaamini ndiko walikotokea. Njia ambayo sisi wenye magari ya 4x4 tunaisifu sana, Mojave Road, ilikuwa yao kabla ya gari lolote, ikifuata chemchemi kutoka moja hadi nyingine. Mwaka 1859 jeshi lilijenga ngome kando ya mto Colorado, na baadaye Wamohave wakabanwa kwenye vipande vya ardhi huko mtoni. Ukimya ule niliousikia nikiwa nimekwama una historia yake.

Kwa hiyo marafiki wanaoniandikia, "Tukafiche makasha Chalbi, kule ni kutupu," nawakatalia. Chalbi si kutupu. Pembeni yake kuna Maikona, Kalacha na North Horr, na Wagabra wanaonywesha ngamia kwa zamu kwenye visima vyenye wazee wa kuvisimamia. Ukikwama pale, kabla hujashika koleo mtu ameshafika, naye atataka kujua wewe ni wa nani. Sitaki tulete mchezo huu nyumbani pamoja na wazo kwamba ardhi isiyo na nyumba haina mwenyewe.

Lakini nataka tuende. Desemba nawapeleka wanangu pamoja na Baba, kutoka Isiolo kupitia Marsabit mpaka Kalacha, mradi mvua za Novemba ziwe zimekauka, maana Chalbi ikilowa ni tope la kumeza lori. Tutachukua kijana wa huko atuongoze. Kasha nimeshalinunua. Litakaa garini mpaka wazee wa kisima waseme pa kuliweka.