Sultani wa Halua

Mimi si mtu wa kuchelewa. Ninalisema hilo mapema kwa sababu jioni ile nilichelewa, na yote yaliyonifika yalizaliwa na dakika ishirini nilizozipoteza nyumbani Likoni nikipekua makabati na kuinua mito kutafuta kofia yangu ya vito, ambayo muda wote huo ilikuwa kichwani.

Aliyenialika ni shangazi yangu wa Kibokoni. Rafiki yake, bibi mmoja mwenye nyumba kongwe katika Mji wa Kale, alikuwa ameamua kuifungua sebule yake kwa tamasha dogo la nyumbani: wageni wasiozidi hamsini, kila mmoja atoe shilingi 500 mlangoni na chochote atakachojaliwa baadaye, na fedha zote ziende kwa kikundi cha watoto wa mtaani hapo wanaojifunza muziki na maigizo. Watoto walihitaji dumbaki mbili, nyuzi za udi, na fundi wa kuwatengenezea taishokoto yao iliyokuwa imenyamaza tangu mfungo. (Taishokoto ni ala iliyobuniwa Japani mwaka 1912, yenye vibonye kama vya taipureta, na kwa namna taarabu ya Mombasa ilivyoilea, ukimwambia mzee wa hapa kwamba asili yake si Mvita atakuuliza na wewe asili yako ni wapi.)

"Uje umevaa ukapendeza, mwanangu," shangazi aliniambia kwenye simu. "Umewekewa nafasi ya mbele."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniangamiza.

Kanzu yangu nzuri ilikuwa imeungua kwa pasi, kwa hiyo nikaazima ya shemeji yangu, nyeupe pe, aliyoishonesha kwa ajili ya Idi na kuivaa mara moja tu. Alinipa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, akaniapisha kwamba haitarudi na tone la chai wala alama ya kahawa. Nikamwapia. Kuhusu halua hakuniuliza.

Nilivuka feri, nikachukua tuktuk hadi karibu na Ngome ya Yesu, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu, kwa kuwa vichochoro vya ndani huko ni vyembamba kiasi kwamba mikokoteni miwili ikikutana, mmoja lazima arudi nyuma kwa heshima. Nilipofika mlangoni pa nyumba ile, mlango mzito wa nakshi uliokuwa wazi nusu, stima zikapotea mtaa mzima. Nilitia mkono mfukoni kutafuta simu ili niwashe tochi, nikakumbuka kwamba nimeiacha nyumbani ikichajiwa, pale pale nilipokuwa nikitafutia kofia.

Hapa sharti nieleze jinsi nyumba ilivyo, ili msomaji asinione mjinga kupita kiasi. Sebule za nyumba za namna ile ni ndefu na nyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Wageni walikuwa wamekaa kwa safu kuelekea upande mmoja wa urefu huo. Ngazi niliyoipanda, badala ya kunitoa nyuma ya wageni kama ngazi yenye adabu, ilinitoa upande wa mbele kabisa, nyuma ya pazia la kanga mbili zilizoungwa. Sikulijua hilo. Nilisikia minong'ono, nikasikia mtu akiwaambia watoto watulie kwani jenereta inawashwa, nikapapasa gizani hadi mkono wangu ukagusa mgongo mrefu wa kiti kilichosukwa kwa nyuzi na kutiwa njumu za mifupa. Nilikitambua papo hapo. Kilikuwa kiti cha enzi, kile cha mpingo ambacho katika nyumba za watu wa asili huwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Tena kilikuwa kitupu, na kilikuwa mbele.

Nikasema kimoyomoyo: shangazi kweli ananipenda.

Nikaketi. Juu ya kiti palikuwa na kitambaa cha kutarizi, na chini ya kitambaa kitu laini kilichonipokea polepole, chenye uvuguvugu. Naungama kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa la kuusifu ukarimu wa Mji wa Kale, mahali ambapo hata mto wa mgeni hupashwa joto kabla hajaukalia. Iliki ilinukia kila upande. Nilidhani ni kahawa inayoandaliwa.

Stima zikarudi, pazia likavutwa, na mbele yangu nikaona nyuso hamsini zikinitazama, ya shangazi ikiwa katika safu ya kwanza kando ya kiti kimoja cha plastiki kisicho na mtu.

Ningeweza kusimama wakati ule, na mtu mwenye akili angesimama. Lakini kando yangu alikuwapo msichana wa miaka kama kumi, amefungwa kilemba cha Waziri na kushika gongo, ambaye alinitazama mara moja tu, akameza mate, kisha akawageukia watu na kupaza sauti: "Enyi watu wa Mvita! Sultani wetu ameamka! Amekua kidogo tangu jana usiku, lakini ni yeye yule. Ni uji aliokunywa."

Nilielezwa baadaye kwamba mwalimu wao alikuwa amewafunza kanuni moja juu ya nyingine zote: likitokea lolote jukwaani, endeleeni, hata paka akipita, basi paka huyo ni mwigizaji. Katika Mji wa Kale kanuni hiyo ni ya lazima, maana paka ni wengi kuliko viti. Jioni ile paka nilikuwa mimi.

Mchezo wenyewe ulimhusu Sultani asiyecheka. Watoto wanaingia mmoja mmoja, huyu na shairi, yule na ngoma, mwingine na kinyago, kila mmoja akijaribu kumchekesha, na Sultani anabaki amekunja uso hadi mwisho. Hana neno hata moja la kusema. Nafasi hiyo alikuwa amepewa mtoto wa miaka saba ambaye, kwa maneno ya mwalimu wake, hawezi kushika mistari lakini ana uso wa mdai kodi. Nilimwona kwa pembe ya jicho amesimama kando ya pazia, masharubu ya wanja yakiwa yamemfika karibu na masikio, mikono kiunoni, akinitazama kwa ghadhabu ambayo Sultani wa kweli angeionea wivu.

Kwa hiyo nikakunja uso. Kusema kweli haikunihitaji juhudi, kwa sababu uvuguvugu ule ulikuwa umeanza kupenya kwenye kanzu ya shemeji, na mto uliokuwa laini ulikuwa ukinishika kwa namna ambayo mito haishiki watu. Wageni walinong'ona kwamba huyu bwana ni mwigizaji hodari. Nikasikia mama mmoja akiuliza amekodiwa kwa kiasi gani.

Kisha akaingia kijana mwembamba, akainama, akaanza:

"Sultani cheka japo, meno yako tuyaone,
Kama ni moja halipo, tukuazime mengine."

Tatizo ni kwamba moja kweli halipo, la mbele, upande wa kushoto, tangu mwaka juzi. Kicheko kilinitoka kabla sijakiona kinakuja, pengo likaonekana hadi safu ya mwisho, na sebule nzima ikaangua. Nyuma ya pazia walikuwa wamebaki watoto tisa waliokuwa bado hawajatoka, na Sultani akishacheka mchezo umekwisha. Waziri akapiga gongo sakafuni. "Tulieni!" alisema. "Hicho si kicheko, ni kikohozi. Sultani ana homa." Halafu akaniinamia na kuninong'oneza kupitia meno yaliyofungwa: "Ami, shikamoo, usicheke tena."

Sikucheka tena. Walipita wale tisa, na ninaweza kuapa kwamba walikuwa wazuri, hasa msichana aliyepiga tari huku akiigiza bibi anayebishana na muuza samaki, lakini nusu ya akili yangu ilikuwa kwingine, ikijaribu kuinua goti moja bila kuonekana, na goti likikataa.

Ndipo Waziri akatangaza jaribio la mwisho. "Kama nyimbo zimeshindwa, tumjaribu kwa utamu. Ileteni halua!"

Hakuna aliyekuja. Akarudia. Watoto wakatazama chini ya meza, nyuma ya dumbaki, kando ya ngazi. Mwishowe akajitokeza mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka minne au mitano hivi, kidole mdomoni, ambaye kazi yake pekee ilikuwa kuileta sinia ile. Stima zilipopotea aliogopa kuiangusha, kwa hiyo akaiweka mahali salama na kuifunika kwa kitambaa.

"Niliiweka kitini," alisema.

Sijapata kusikia kimya kama kile. Hata jenereta ya jirani ilionekana kupumzika. Nyuso zote hamsini zilishuka pamoja kutoka kofia yangu hadi kiti, na mimi nikahisi jasho likitelemka mgongoni kwenda kukutana na halua.

"Simama, Sultani," Waziri alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Nilisimama, na sinia ikasimama nami. Ilining'inia hapo nyuma kwa muda wa pumzi mbili, kisha ikaachia na kuanguka sakafuni kwa mlio ambao mpiga dumbaki, akifuata kanuni ya mwalimu, aliupokea kuwa ni mwanzo wa mdundo na kuendelea nao bila kukosea. Nyuzi ndefu za halua zilibaki baina yangu na kiti. Nani hajui halua ya Mombasa? Ni sukari, wanga, samli na iliki, inasongwa kwa mwiko muda mrefu mpaka bega lizime, na ile ilitolewa sufuriani jioni ileile.

Hapo ndipo yule mtoto wa masharubu ya wanja, aliyekuwa hajabadilisha uso tangu nimnyang'anye ufalme, alipovunjika. Alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka masharubu yakayeyuka kwa machozi, na Waziri, ambaye kwa maoni yangu atafika mbali sana hapa duniani, akamwelekezea gongo na kutangaza: "Sultani wa kweli amecheka!" Watoto wote wakatoka kuimba wimbo wa kufungia, kama ilivyopangwa tangu mwanzo.

Vigelegele vilipasua dari. Akina mama wakainuka kwa mwendo wa taarabu, mabega yakicheza, kuja kututunza, na noti za mia na za mia mbili zikatiwa katika kofia ya vito ambayo angalau jioni ile ilipata kazi ya maana. Mimi nilizipokea nikiwa nimeegemea ukuta, na sikuondoka ukutani hapo hadi nilipoletewa kikoi. Kofia ilipohesabiwa ilikuwa na shilingi 6,400, zote zikaingia kwenye kikapu cha watoto.

Lakini ile halua, bibi mwenye nyumba alieleza kwa masikitiko, ilikuwa inadiwe baada ya mchezo, kilo mbili nzima, ili kuongeza mfuko.

"Isinadiwe," shangazi alisema bila hata kunigeukia. "Ameshainunua." Alitaja shilingi 3,000. Nilikuwa na 1,100. Zilizobaki alinikopesha yeye, na bado ananidai.

Nilirudi Likoni na kikoi, kanzu ikiwa ndani ya kikapu cha ukili. Ndani ya feri mzee mmoja alinusa hewa mara mbili, akatazama kikapu, akaniuliza kama naweza kumkatia kidogo aonje. Kanzu ilifuliwa mara nne na madoa yakatoka, ila iliki haikutoka, na shemeji anasema kwamba kila akiivaa Ijumaa anakaa safu ya nyuma kwa kuwaogopa siafu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nikipita Kibokoni, nikamkuta muuza kahawa ameegesha dele yake kando ya baraza moja, nami nikataka kuketi ninywe kikombe cha kahawa tungu. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa akicheza gololi pembeni alinyanyuka, akanizuia kwa kiganja, akapapasa baraza kutoka ncha hadi ncha kwa makini, kisha akaniamkia na kuniambia: "Keti, ami. Nimeangalia."