Chawa wa Homelander tunawajua sisi

Ukiwa huku Marekani, mazungumzo mengi utakayoyasikia kuhusu The Boys, tamthilia ya kejeli juu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, ni nani atakufa, atakufa vipi na damu itaruka hadi wapi. Msimu wa 5, ambao ndio wa mwisho, ulianza Aprili 8, 2026 kwa sehemu mbili, kisha ikawa sehemu moja kila Jumatano hadi Mei 20. Kwa maoni yangu, damu ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote humo ndani. Mtu aliyekulia Tanzania anaielewa tamthilia hii kuliko Mmarekani upande mmoja, na upande wa pili anapitwa kabisa.

Tunachokielewa ni utawala wa Homelander, shujaa anayeogopwa kuliko wote. Huyu bwana hatawali kwa miale ya macho, anatawala kwa chawa. Rudia dakika za mwisho za msimu wa 3. Mtu anamrushia kitu Ryan, mtoto wa Homelander, na Homelander anampasua kichwa mchana kweupe, mbele ya umati. Kimya. Mtazame Antony Starr, anayemwigiza, usoni hapo: kwa sekunde chache anaogopa, hajui watu watamfanya nini. Kisha Todd, baba wa kambo wa binti yake MM (mmoja wa kundi la The Boys, linalopambana na Homelander), anapaza sauti ya shangwe. Wengine wanadakia, uwanja mzima unalipuka, na ndipo jamaa anaanza kutabasamu. Huku watu waliliunganisha tukio hilo na kauli ya Trump ya Januari 2016, kwamba angeweza kumpiga mtu risasi Fifth Avenue na asipoteze wapiga kura. Sawa. Ila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara kwetu hahitaji kauli hiyo. Anamjua mtu wa kwanza kupiga makofi, anajua na kwa nini wa pili anafuata haraka.

Waangalie pia walio jirani na kiti. Ashley, bosi katika kampuni inayowamiliki mashujaa, anaimba mapambio mchana kutwa huku akijing'oa nywele kwa hofu, mpaka anaishia kuvaa wigi. Firecracker, shujaa anayeingia msimu wa 4, anatumia dawa ili atoe maziwa, kwa sababu bosi anayapenda. (Chawa wetu hawajafika huko, ingawa sitaweka dau.)

Kinachotupita ni kampuni. Vought, hiyo kampuni inayowamiliki mashujaa, ndiyo mhusika mkuu wa kejeli hii, na ili ucheke lazima uwe umezoea nchi ambayo kila kitu kinatangazwa. Huku hata dawa za kuandikiwa na daktari zinatangazwa kwenye televisheni, jambo lisiloruhusiwa katika nchi nyingi duniani. Kwa hiyo siri ya msimu wa 1, kwamba mashujaa hawakuzaliwa na nguvu bali walidungwa dawa ya Vought iitwayo Compound V wakiwa wachanga na wazazi wakalipwa, kwa Mmarekani ni pigo kwa kampuni za dawa. Kwetu inapita kama uchawi wa kwenye sinema.

Anayeangalia nakala iliyotafsiriwa, ile ya mtu kusimulia juu ya sauti, anapoteza zaidi. Msimuliaji hana muda wa kusoma maandishi yanayopita chini ya skrini kwenye habari za VNN, kituo cha televisheni cha Vought, wala matangazo ya uongo ya filamu za Vought, na vichekesho vingi vimefichwa hapo. Washa maandishi ya Kiingereza, na VNN ikitokea, simamisha usome.

Kuna jambo jingine linaloonekana vizuri ukiwa huku. Tamthilia inayoicheka kampuni kubwa ni mali ya Amazon. Januari 29, 2024 Prime Video, huduma ya Amazon inayoionyesha, ilianza kuweka matangazo kwa watazamaji wa Marekani, na asiyeyataka aliambiwa aongeze dola 2.99 kwa mwezi. Mwezi huohuo kampuni ilitangaza kuacha kugharamia kazi mpya za Afrika. Yaani Vought inachekwa, kisha unakatishwa na tangazo la biashara. Kejeli ya huku ni bidhaa, na anayeiuza ndiye anayechekwa. Mipaka ipo pia: Trump aliposhambuliwa Julai 13, 2024, sehemu ya mwisho ya msimu wa 4, iliyokuwa itoke siku tano baadaye, ilibadilishwa jina kwa sababu jina la awali lilitaja mauaji. Basi, wakabadilisha jina, na kazi ikatoka. Nyumbani, Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa kwa video aliyojirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Ndiyo maana sikubali mtu anaposema The Boys ni kazi ya kishujaa. Ni kazi nzuri, iliyofanyika mahali ambapo kumcheka mkubwa hakukupeleki kituoni.

Kwa anayetaka kuimaliza: misimu yote mitano ina sehemu nane nane. Kosa la wengi ni kuiruka Gen V, tamthilia dada ya The Boys, kisha wanauliza kirusi cha kuua mashujaa kimetoka wapi. Kimetoka kwenye maabara ya chuo cha Godolkin, Gen V msimu wa 1, kwa hiyo uangalie kabla ya The Boys msimu wa 4. Gen V msimu wa 2 unafuata, halafu ndipo uingie wa 5, ambao unaanza Hughie, MM na Frenchie, wote wa kundi la The Boys, wakiwa kambini kama wafungwa. Kitabu cha picha kilichozaa hadithi hii hakitakuvujishia mwisho: humo Black Noir, shujaa mwenzake, ndiye anayemmaliza Homelander, wakati kwenye tamthilia Homelander alishamuua Noir tangu msimu wa 3.

Na ukifika mwisho wa msimu wa 4, usizime majina yanapoanza kupita. Kuna tukio fupi pale, Homelander anaonyeshwa Soldier Boy, shujaa wa zamani, akiwa amegandishwa. Ukilikosa, kwenye msimu wa 5 utakuwa unauliza huyu mzee kafufuliwa na nani.