Mafua yameshapona, miguu ndiyo inakataa

Chukulia mbeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anaugua mafua siku nne, anapona, anarudi kazini. Wiki mbili baadaye kandambili zinamvuka njiani bila yeye kujua. Kesho yake ngazi zinamshinda, keshokutwa anabebwa. Nyumbani wanasema amekanyaga kitu, na safari ya kwa mganga inaanza.

Wauguzi hukasirika wakisikia habari kama hizi, wanaziita "ujinga", na hasira yao ina haki. Ugonjwa huu wa kupooza, Guillain-Barré, hupanda: nyayo, magoti, mikono, na kwa mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hufika kwenye misuli ya kupumulia, akahitaji mashine. Tiba ya kingamwili za watu wengine, kwa dripu, husaidia ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza. Hapo sibishi.

Ninachobishia ni lile neno "ujinga". Malaria huja na homa, kipindupindu huja na kuhara. Huu humjia mtu aliyekwishapona, hana hata joto. Kirusi kimeshaondoka, kinachomwangusha ni kingamwili zake mwenyewe, zilizotumwa kumpiga mgeni zikaugeukia utando wa mishipa ya fahamu kwa kuwa unafanana naye. Mtu mzima, adui haonekani, mwili unashambuliwa: kwa aliyeyaona hayo kwa macho, "ametupiwa kitu" inaingia akilini kuliko "ni virusi" ya kukatiwa dirishani.

Takribani wagonjwa wawili kati ya watatu hukumbuka kuugua kabla, kifua au tumbo (na tumbo mara nyingi ni bakteria, si virusi). Hesabu hii hainitoki kichwani. Wa tatu hakumbuki chochote. Na hao wawili wanakumbuka kwa sababu kuna aliyewauliza. Kwenye foleni ya zahanati, mtu anaulizwa anaumwa nini leo. Ya mwezi uliopita hayamhusu mtu.

Wala si ugonjwa wa kwa wenzetu. Zika, kirusi kilichohusishwa na wagonjwa 42 wa ugonjwa huu kule Polynesia ya Ufaransa, visiwa vya Pasifiki, mwaka 2013 hadi 2014, kiligunduliwa 1947 kwenye msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria letu hili hili.

Nyundo ya mpira ya kugongea goti haihitaji umeme. Goti lisiporuka kwa mtu ambaye juzi alikuwa na gunia begani, apewe rufaa siku hiyo hiyo, na ndugu zake waambiwe kwamba yale mafua waliyoyasahau ndiyo yaliyomtega.