Akiiba Mkubwa, Tunasema "Ameteleza"

Nimetoka kwenye mkutano wa mtaa nikiwa nimefura. Michango ya madawati imeliwa, mtunza fedha amekiri mwenyewe mbele ya wazazi, halafu mzee mmoja anasimama kututuliza: "Kijana wetu ameteleza, jamani." Ameteleza! Wazazi waliotoa ile michango wengine wanauza maandazi.

Kijana akikwapua simu Kariakoo, neno ni moja na linatoka kwa kelele: mwizi! Anaweza kuuawa kwa neno hilo kabla polisi hawajafika. Akiiba mwenye ofisi, tunamtafutia neno la kumsitiri. Amepiga. Amekula. Amejiongeza. Kwenye taarifa wanaandika "upotevu wa fedha", kana kwamba fedha zilitembea zenyewe zikapotea njia. Mwaka 2016 tulitangaziwa watumishi hewa, majina ya watu wasiokuwepo kazini lakini wanalipwa. Hewa haipokei mshahara. Kuna mtu aliyaingiza yale majina na mwingine aliyesaini malipo, nasi tukabaki kuhesabu hewa.

Linaloniuma hadi leo ni EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu ya Tanzania. Ukaguzi ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kutoka Benki Kuu kwa kampuni 22, katika mwaka wa fedha 2005/06. Sisi tukasema fedha "zimechotwa". Magazeti yakachapa hivyo, na barazani tukarudia hivyo hivyo, kama vile mtu kapitisha ndoo kisimani. Mwaka 2008 Rais Kikwete akatoa muda hadi Oktoba 31 fedha zirudishwe, la sivyo mahakamani. Sijawahi kusikia mwizi wa kuku akipewa tarehe ya kurudisha kuku. Yeye anapewa tairi.

Haya, nakubali "ubadhirifu" lina kazi yake, maana yupo anayetapanya fedha za umma bila kutia hata senti mfukoni. "Fisadi" nalo lilikuwa na makali, mpaka tulipoanza kumbandika kila tusiyempenda.

Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 270, inataja wizi wa mtumishi wa umma. Wizi, waziwazi. Basi wahariri, na ninyi makatibu wa vikao mnaoandika mihtasari: mtu akikiri, au mahakama ikimtia hatiani, andikeni kwamba ameiba. Andikeni na kiasi, kwa tarakimu.